Kamera ya Chini Kabatini

Eliakim Wangila alikuwa amepiga picha za harusi miaka kumi na tisa kwa kamera ya filamu, na hakuna bibi harusi kati ya Kitale na Bungoma aliyewahi kumlalamikia. Mwaka wa 2005 wateja wakaanza kumuuliza kama ana dijitali. Wengi wao hawakujua dijitali ni kitu gani hasa, ila walijua kwamba mpiga picha asiye nayo amebaki nyuma. Basi akaingia dukani kwa Chelangat, mwanamke aliyeuza na kutengeneza kamera mjini Kitale, akanunua ile iliyokaa chini kabisa kwenye kabati la vioo.

Kwenye rafu ya juu ilikaa nyingine, nyeusi na nzito, yenye jina lilelile la kiwanda. Chelangat alimshauri kwamba kwa kazi ya harusi heri angoje kidogo, achukue hiyo. Eliakim alimshukuru, akijua moyoni kwamba kila mwenye duka husema hivyo.

Jumamosi iliyofuata alikuwa Lugulu, kwenye harusi ya Nakhungu, binti wa Mama Edinah, mwalimu mstaafu. Asubuhi mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu watu walikuwa wamesimama tu wakipigwa picha. Shida ilianza kanisani. Bwana harusi alipoanza kuvisha pete, Eliakim alibofya. Kamera ikatoa lenzi, ikairudisha, ikaitoa tena kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, halafu ndipo ikamulika. Pete ilikuwa imeshaingia zamani, na bwana harusi alikuwa anajikuna shingo.

Siku nzima ikawa hivyo. Pasta aliinua mikono kuwabariki, kamera ikamnasa anatafuta miwani yake. Maua yalirushwa, picha ikaonyesha wasichana watatu wakiinuka kutoka chini, mmoja bila kiatu. Keki haikuonekana ikikatwa hata mara moja. Ilionekana mashavuni mwa watu.

Mama Edinah alipopelekewa albamu aliipitia ukurasa kwa ukurasa, kama anayesahihisha insha. Alipofika mwisho akaifunga na kuweka mkono juu yake.

"Eliakim, wewe ulifika harusi ikiisha?"

"Nilikuwa mbele kabisa, mwalimu."

"Sasa mbona hapa kila kitu kimeshatokea?"

Eliakim aliomba radhi, akapanda gari kurudi Kitale, na Jumatatu alikuwa wa kwanza kungoja Chelangat afungue duka. Alitaka kujua ni nini kilichokuwa kimeharibika.

Chelangat aliijaribu kamera mara tano sita, akamwambia hakuna kilichoharibika. Ndivyo ilivyotengenezwa. Akazitoa zote mbili, ndogo na kubwa, akaziweka kwenye meza. Alimweleza kwamba vitu vingine havimo katika ile ndogo kwa sababu ni ghali: vioo vizuri vya lenzi, mota ya kulenga haraka, memori ya kushika picha nyingi mfululizo. Mtu hawezi kuviweka humo na bado aiuze kwa bei ile.

"Lakini kuna vingine vimo ndani," akasema, "wamevifunga tu."

"Nani amevifunga?"

"Wenyewe, kiwandani. Ukivipata kwa hii, ile kubwa utanunua ya nini?"

Hilo lilimuuma Eliakim kuliko harusi yenyewe. Kunyimwa kitu kisichokuwapo angeweza kuvumilia. Lakini kubeba kitu shingoni wiki nzima na kukatazwa kukitumia? Akamsihi Chelangat afungue. Chelangat alisema amesikia kuna watu kwenye intaneti wanaofungua, ila kamera ikifa mikononi mwao, hakuna wa kumlilia. Isitoshe, kuchelewa hakumo katika vilivyofungwa. Hiyo ilikuwa tabia yake tu.

Mchana alikwenda kulalamika kwa mkewe, Jentrix, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai. Alisema mengi juu ya wenye kiwanda hicho na roho zao. Jentrix aliendelea kusukuma chapati mpaka akamaliza.

"Baba Mukhisa, hapa tunauza chai ya kawaida na chai spesheli," akasema. "Maziwa ya kutosha zote mbili si tunayo?"

"Tunayo."

"Na nani aliniambia ya kawaida niipunguzie, ili watu waione spesheli?"

Eliakim alinywa chai yake, akaosha kikombe mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Kwa kuwa kamera haikutaka kuharakisha, aliamua aharakishe yeye. Alikaa hotelini kwa mkewe akiwachunguza wateja. Aligundua kwamba mtu akikaribia kucheka, mabega hupanda kwanza. Pasta kabla ya kuinua mikono huihamishia Biblia kwapani. Bibi harusi anayekaribia kulia humeza mate mara mbili. Eliakim akawa anabofya kwenye mabega, kwenye Biblia, kwenye mate, na kamera ilipomaliza shughuli zake, kicheko kilikuwa kimefika. Haikupita miezi sita, Bungoma yote ilikuwa inamwita, na mwaka uliofuata hata Mama Edinah alimwita kwenye ubatizo wa mjukuu.

Mwaka wa tatu akainunua ile kubwa nyeusi. Akaenda nayo kwenye harusi Moi's Bridge akiwa na suti mpya. Kamera ilikuwa na wepesi wa ajabu. Kidole kikigusa tu, picha imeingia. Jioni akazitazama picha. Pete ilikuwa hewani. Kisu kilikuwa juu ya keki bila kuigusa. Maharusi walikuwa wamechongoa midomo, nafasi kati yao ingetosha mtu wa tatu.

Alimpelekea Chelangat kamera. Chelangat alitazama kioo cha nyuma, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote akacheka mpaka akaketi. Kisha akabofya-bofya kwenye orodha ya mipangilio.

"Hii ina kitu cha kuchelewesha picha sekunde mbili," akasema. "Ile ndogo ilikuwa na cha sekunde kumi pekee."

"Kwa hiyo hii pia inaweza kuchelewa?"

"Ukiiambia, inachelewa."

Eliakim alimwomba aiambie hapohapo, na amwonyeshe jinsi ya kuizuia isisahau. Jioni hiyo alimweleza Jentrix kwa furaha kubwa kwamba sasa ameelewa bei yote ile imekwenda wapi.