Chupa ya Masizi

Siku Dada alipoanguka kazini, asubuhi yake aliondoka bila kumaliza chai. Mama akakifunika kikombe kwa kisahani, maana alijua atarudi akiiulizia. Jioni tulirudi kutoka hospitali bila yeye, na kisahani kilikuwa bado juu ya kikombe.

Wenzake wa maabara walimwita Masizi. Alishughulika na mirija ya kaboni, myembamba kiasi kwamba unywele mbele yake ni gogo. Alitaka kuitengenezea transista, zile swichi ndogo mno zilizomo ndani ya simu na kompyuta. Za sasa ni za silikoni. Dada aliamini za kaboni zingekula umeme kidogo kuliko hizo.

"Umesoma wee, mwisho umekuwa muuza mkaa," Mama alimtania kila alipoziona kucha zake nyeusi.

"Mkaa wangu, Mama, wa kijiko kimoja unatosha mji mzima."

Kazi yenyewe ilikuwa kuchambua. Mirija hutoka imechanganyika, na mingine hupitisha umeme wakati wote, hata ukitaka izime. Swichi isiyozimika ina faida gani? Dada aliichuja ndani ya maji, akarudia, akarudia tena, hadi akapata chupa moja aliyoiamini. Akaifunga kwa mtandio wake isipigwe na mwanga.

Baada ya mazishi wenzake walituletea vitu vyake kwenye boksi. Mtandio waliuona, lakini hawakuufungua. Nani apekue nguo za marehemu?

Mama alifua kila kilichokuwemo. Siku zile mikono yake haikujua pa kukaa.

Kisha akaja mkuu wa maabara, viatu vina vumbi, kama aliyekuja mbio.

"Shikamoo, mama. Samahani, kwenye mtandio hamkukuta chupa?"

"Marahaba, mwanangu. Ipo! Nimeisugua mpaka inameta. Ilikuwa na maji machafu, meusimeusi." Akamletea kwa mikono miwili.

Yule bwana aliipokea, akaielekeza dirishani.

"Kwani yalikuwa ya nini?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

"Maji tu, mama." Akamrudishia chupa. "Maji tu."

Nilimsindikiza hadi getini.

"Hamwezi kuchuja mengine?" nikamuuliza.

"Tumejaribu tangu alipoondoka. Yeye alitazama rangi ikishuka kwenye chujio, akajua hapa ndipo pa kukinga. Sisi tukikinga, mirija mibaya imo. Wanaotoa fedha wanakuja kuona transista zake zikiwaka na kuzima, na maji ya kuzitengenezea yalikuwa hayo." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Usimwambie mama yako."

Sikumwambia. Lakini tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za maabara, na yeye si mtu wa kutouliza.

Meza ya Dada wamepewa watu wa silikoni. Chupa iko dirishani kwetu, Mama anawekea vifungo vya nguo.