Kila Mtoto Aje na Jiwe

Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, mwalimu mkuu Abdulwahab aliwasimamisha watoto mstarini akawapa habari za shule wazipeleke kwao. Zamani aliandika barua, lakini barua ziliishia kufungia maandazi njiani, akaacha. Siku hizi watoto walikariri. Mtoto akifika nyumbani alitakiwa asimame wima, aseme yote, asipunguze wala asiongeze.

Najma wa darasa la tatu alisimama wima mbele ya mama yake, mkono mmoja ameushika mwimo wa mlango. Asiposhika kitu, miguu yake iliachana na sakafu. Sikuzani, mama yake, alikuwa ameketi kwenye mkeka akipepeta mchele.

"Wazazi na walezi, asalaam aleykum," alisema Najma kwa sauti ya mwalimu. "Darasa la nne wamefanya vizuri mtihani wa majaribio, tumshukuru Mungu. Choo cha wasichana kimepata mlango. Michezo ya shule itakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, isipokuwa kuruka juu, ambako kumefutwa kwa kuwa washindani hawashuki kwa wakati. Mahindi ya uji wa muhula huu yamepokelewa yote na yanatosha. Mahafali ya darasa la saba yako palepale. Ahsanteni."

"Rudia hapo kwenye mahindi," alisema Sikuzani.

"Yamepokelewa yote na yanatosha."

"Kasema yanatosha, au umeongeza wewe?"

"Siongezi, mama. Ukiongeza unachapwa."

Sikuzani alirusha mchele juu akaudaka. Habari za shule alizisikiliza kama alivyochagua mchele, akitafuta chuya. Choo kupata mlango, hilo alilielewa. Lakini mahindi kutosha, nani alikuwa ameuliza? Mtu anayejibu kabla ya kuulizwa ana lake jambo.

Wepesi ulianza baada ya masika. Walianza wale wadogo wa darasa la kwanza, ambao nyayo zao mchangani zilikuwa hafifu kama za kuku, kisha hazikuonekana kabisa. Wakafuata wa darasa la pili, na la tatu. Walimu waliwafundisha kushika madawati wakati wa kuandika, na wakati wa mapumziko wakubwa waliwashika wadogo mikono. Nyumbani Sikuzani alimfunga Najma kwa kanga kwenye tendegu, mtoto akalala vizuri tu.

Bibi Mwanamvua, mama mkwe wa Sikuzani, alilipokea jambo hilo kwa furaha.

"Hiyo ni baraka," alisema. "Dhambi ndiyo inayomvuta mtu chini. Nitazame mimi ninavyojikokota. Watoto hawa hawana dhambi, wanainuliwa."

"Na watoto wa mwenyekiti wa shule, mama, mbona hawainuki? Wao wana dhambi gani?"

"Mwana we, usisengenye watu. Utabatilisha udhu wako."

Sikuzani aliinuka akaenda jikoni, kwa kuwa mkwe hajibiwi mara mbili. Lakini katika chuo cha Kurani alifundishwa kwamba siku ya hesabu mema ndiyo yanayolemea mizani, na ole wake ambaye mizani yake itakuwa nyepesi. Hakuona ni vipi wepesi ungegeuka sifa kwa sababu tu umeanzia shuleni.

Wazee wengi walikuwa upande wa Bibi Mwanamvua. Waliamua yasomwe maulidi ya shukrani, na Ijumaa iliyofuata Najma alileta habari kwamba yatasomwa uwanjani pa shule, wazazi waje na masinia. Alichinjwa ng'ombe. Watoto waliketi kwenye mikeka, wenye miili mizito wakiwashikilia wenzao kwa mabega, na kaswida zilipopamba moto waliachiwa kidogo ili wayumbe hewani. Ilipendeza. Kisha pilau likaletwa.

Watoto walikula. Walikula bila kuzungumza, wakaparuza masinia kwa vidole, wakalamba vidole. Kabla ya dua ya mwisho walikuwa wote wamekaa barabara kwenye mikeka, hakuna aliyemshika mwenzake. Njiani kurudi nyumbani Najma alilalamika kwamba viatu vinambana. Watu walisema baraka imepokelewa na kurejeshwa kwa Mwenyewe. Katikati ya wiki watoto walikuwa juu tena, na watu wakasema Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kutoa.

Sikuzani aliswali alasiri, akabaki kwenye msala muda mrefu. Kisha akajifunga kanga akaenda shuleni, jikoni, kwa Wahida. Wahida alikuwa dada wa mumewe na ndiye mpishi wa uji.

"Karibu, wifi," alisema Wahida. "Umekuja kuniibia ukoko?"

"Ukoko ni wa uji unaoshika sufuria, wifi. Wako unatoka bila hata kuaga."

Wahida alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akatazama nyuma yake. Sikuzani alichota uji kwa kata akaumimina polepole. Kupitia uji wenyewe, doa la moto kwenye kitako cha sufuria lilionekana waziwazi.

"Mimi napika ninachopewa," alisema Wahida kwa sauti ya chini. "Nikipewa maji, napika maji."

"Na mahindi yetu? Kila nyumba imetoa debe. Mimi mwenyewe nililibeba kichwani mpaka mlangoni pa stoo."

"Stoo ufunguo anao mwenyekiti. Unga unakuja umeshasagwa, kwenye kikapu cha kwendea sokoni. Shule nzima, wifi, kikapu kimoja. Nami nina watoto, usinitaje."

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Shuaibu, mwenye mashine ya kusaga na kukoboa na mabanda ya kuku upande wa Kerege. Tangu ashike uenyekiti naye alikuwa amebadilika, ila kwa upande wa pili. Mwili wake ulikuwa uleule, lakini alipopita ardhi ilididimia. Nyayo zake zilijaa maji, na bata wa jirani walioga humo. Pikipiki ilimshinda, alitembea kwa miguu. Watu walimpisha njia na kumsalimu, na baada ya kupita walifukia mashimo ili ng'ombe wasivunjike miguu.

Siku ya michezo upepo ulivuma kutoka baharini, na mtoto wa mkulima Muharami, mvulana wa darasa la kwanza, aliponyoka mkononi mwa kaka yake kwenye mbio za kijiti. Wazazi walimtazama akipita juu ya mikorosho. Mwalimu Abdulwahab alipuliza filimbi, mbio zikaendelea. Jioni Rehani, mume wa Sikuzani, ambaye alikuwa akipakia mizigo Chalinze, alipiga simu.

"Mtoto wa Muharami yuko huku," alisema. "Tumemkuta juu ya turubai la lori la vitunguu. Mzima. Nimemrushia chapati. Alipomaliza ya pili akashuka mwenyewe."

"Akashuka mwenyewe," alisema Sikuzani.

"Kama ngazi. Kesho namleta kwa basi. Najma hajambo?"

"Hajambo. Nimemfunga."

Usiku ule aliongeza fundo. Safari hii mtoto alikutana na lori la vitunguu. Upande wa pili wa kijiji ilikuwa bahari, na bahari haina turubai.

Kikao cha wazazi kilitangazwa, na ajenda Najma alizileta kichwani: mahafali, usafi, mengineyo. Wazazi walijaa katika darasa la saba. Shuaibu aliketi mbele, karibu na mwalimu mkuu, kwenye kiti cha mti wa mninga kilichotengenezwa kwa ajili yake. Kilipopokea uzito wake, miguu ya kiti iliingia kwenye saruji taratibu, bila kelele. Waliongea mahafali, wakaongea usafi. Sikuzani alisimama kwenye mengineyo.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba," walisema wote wawili.

"Nina neno dogo. Watoto walikula pilau la maulidi wakashuka. Mtoto wa ndugu yetu Muharami kala chapati kashuka. Mimi sikusoma sana, lakini naona watoto hawa hawana baraka, wana njaa. Nauliza mahindi ya uji yako wapi."

Muharami alitazama sakafu. Mpunga wake wote aliukoboa kwa Shuaibu, kwa mkopo. Wahida alishikwa na kikohozi ghafla.

"Swali zuri sana, mama," alisema mwalimu Abdulwahab. Alitazama dirishani. Huko nje alikuwa na uhamisho alioungoja, na barua yake ilipaswa kupita kwa kamati. "Ila mahindi yalishatolewa taarifa. Yamepokelewa na yanatosha."

"Yanamtosha nani, mwalimu?"

"Mama Najma," alisema Shuaibu kwa upole, "huko kwenu mwanaume yuko Chalinze, chakula cha nyumbani tunakijua. Usitupie shule mzigo wa nyumba yako." Wachache walicheka. "Au unasema nimekula mimi? Haya, nitazameni. Nimenenepa?"

Watu wote walimtazama. Hakuwa amenenepa. Kiti kilikuwa kimezama mpaka kwenye ubao wa kukalia, na magoti ya mwenyekiti yalikuwa sawa na kidevu chake. Alingoja jibu. Bibi Mwanamvua alivuta uradi. Mwishowe mtu mmoja wa nyuma alisema ajenda iendelee, maana adhuhuri imekaribia, na wanaume wanne wakaja mbele kumtoa mwenyekiti shimoni.

Ijumaa iliyofuata Najma alishika mwimo wa mlango.

"Wazazi na walezi, asalaam aleykum. Tunawashukuru kwa kikao kizuri. Kwa usalama wa wanafunzi, kuanzia Jumatatu kila mtoto aje na jiwe, lifungwe kiunoni kwa kitambaa safi. Mawe ya matumbawe hayakubaliwi, ni mepesi. Ili kuboresha uji, mchango wa mahindi utakuwa madebe mawili. Wazazi watakaohudhuria mahafali waje na kamba. Darasa la tatu watacheza halaiki. Ahsanteni."

"Aliposema hayo, mwalimu alikuwa anamtazama nani?" aliuliza Sikuzani.

Najma alifikiri. "Viatu vyake."

Jiwe lilitafutwa. Bibi Mwanamvua alilisomea Ayatul Kursiyyu, akalifunga mwenyewe, akasema baraka nayo inahitaji adabu. Alfajiri Sikuzani alianza kumpa Najma kiporo cha wali kabla ya shule, akamtazama akila mpaka mwisho. Hata hivyo mtoto alirudi akiwa juu kidogo, vidole vya miguu vikigusa tu. Sikuzani alimshuku, akamuuliza.

"Nusu ninaificha shavuni nampa Mgeni," alisema Najma. "Tunakaa dawati moja. Yeye akipaa ananivuta na mimi."

Sikuzani alimwongezea kiporo, na chungu kikapungua kwa wengine. Madebe mawili aliyapeleka, kwa kuwa asiyepeleka mtoto wake alirudishwa nyumbani, na njiani hakukuwa na madawati ya kushika. Shuaibu aliyapokea mlangoni pa stoo akamshukuru kwa moyo wake wa kupenda elimu.

Siku ya mahafali mpunga ulikuwa umeanza kutunga maziwa, na mpunga wa maziwa hauachwi. Asiyeamia ndege na kuwafukuza siku hizo havuni kitu. Kamba Sikuzani alimpa Bibi Mwanamvua aende nayo, na yeye mwenyewe akapanda kwenye dungu, jukwaa la kulindia shamba, na kombeo lake na lundo la udongo mkavu. Kutoka huko aliona bati la shule likimetameta, na alisikia ngoma, na kipaza sauti kikitaja wageni waalikwa. Alisikia mwenyekiti akitajwa, na makofi. Kisha mwalimu akatangaza kwamba halaiki inaanza, na kwamba watoto wafungue mawe kwa muda, maana yanaharibu mstari.

Sikuzani alisimama juu ya dungu.

Kwanza hakuona kitu. Ngoma ilibadilika, makofi yakaongezeka, na juu ya bati palitokea kundi jeupe la mashati ya shule, likayumba, likatawanyika kidogo, likashika upepo. Kutoka upande uleule, chini yake, walikuja ndege kwelea, wengi, kama moshi wa tanuri la chokaa. Makundi hayo mawili yalikutana juu ya mikorosho yakachanganyika, yakawa yanakuja shambani pamoja.

Udongo alikuwa ameshautia kwenye kombeo, na mkono alikuwa ameshauinua. Alilizungusha kombeo mara moja. Jua lilikuwa machoni pake, na huko juu kila kitu kilikuwa kidogo, kikitikisika, ndege na mtoto sawasawa.

"Najma!" aliita.

Kelele za kundi lote zilikatika, sauti ikaitika, kisha kelele zikaendelea. Hakuweza kujua imeitika kutoka wapi.

"Ya Latifu," alisema, akaushusha mkono. Kwelea walitua kwenye mpunga wakaanza kula. Sikuzani alibaki amesimama, kombeo likining'inia, akitazama juu aone ni wepi ambao hawatashuka.