Kiti cha Kando ya Rubani

Fundi mapazia alikuwa amekata shauri kwamba atakaa kiti cha nyuma kabisa, afumbe macho, na asiyafumbue mpaka mtu amguse bega amwambie wamefika. Mizani ndiyo iliyomharibia. Katika chumba cha abiria, chenye feni moja na viti vya plastiki, kila mtu alipandishwa kwenye mizani akiwa na mkoba wake mkononi, kama gunia la mchele, na msichana wa tiketi akaandika.

"Ndege ndogo hii, mama," msichana alisema. "Tunagawa uzito. Wewe utakaa mbele, kando ya rubani."

"Hapo si mahali pa msaidizi wake?"

"Leo hana msaidizi. Ana wewe."

Maharusi wawili waliokuwa wakienda fungate walicheka. Fundi mapazia aliwatazama kwa jicho lile analowatazamia wateja wanaotaka mapazia ya nyumba nzima kesho asubuhi, nao wakanyamaza.

Kisiwa walichokuwa wakienda kilikuwa cha watalii: hoteli, mchanga mweupe, na kiwanja cha ndege kilichobanwa kati ya kilima na bahari. Binti yake alifanya kazi pale, kwenye mnara wa kuongozea ndege. Alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Boti za kwenda kisiwani zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu ya mawimbi. Basi ilibaki ndege, na kupanda ndege mama huyu hawezi. Si mara moja wala mbili alikuwa amefika mpaka mlangoni pa kutokea, akaiona ile ngazi, na miguu ikageuka yenyewe ikamrudisha nyumbani. Mara ya mwisho binti yake alimwambia kwenye simu, bila hasira hata kidogo, "Mama, ukirudi tena mlangoni, usinipigie kuniambia kwamba ulikuja. Manesi wapo. Nitazaa nao."

Angegomba, mama angejua la kujibu. Ile sauti tulivu ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Kwa hiyo safari hii hakumwambia mtu. Alimeza kidonge cha kutuliza alichopewa na jirani yake wa duka la dawa, akaongeza nusu kwa usalama, na kabla miguu haijapata nafasi ya kufikiri akajikuta amefungwa mkanda, mbele yake kuna vioo na saa nyingi zinazotikisika, na kijana mwenye miwani nyeusi anamvika vyombo vya masikioni.

"Usukani usiguse, mama. Na hayo makanyagio chini, miguu weka mbali."

"Mwanangu, mimi sina haja ya kugusa chochote chako."

Walipaa. Kidonge kilianza kumpanda taratibu, kama maji ya uvuguvugu. Uoga haukuondoka, ila uliketi mbali kidogo, kama mgeni aliyepewa kiti cha ukumbini. Mawingu yalipita karibu, laini, mithili ya pamba anayojazia mito. Chini, bahari ilitandazwa kama kitambaa ambacho hakijapigwa pasi, na kivuli cha ndege yao kiliteleza juu yake, kidogo mno, mtu angeweza kukiokota na kukitia mfukoni. Hakujua kama wamekaa angani kitambo kirefu au kifupi. Muda ulikuwa umelala.

Ndipo sauti ikamwingia masikioni. Hakusikia kwamba imetoka mahali popote. Ilikuwa tu ndani ya kichwa chake, kama wazo lake mwenyewe.

"Nimewaona. Upepo unatoka kushoto, una nguvu. Endeleeni."

Mama alishtuka. "Nani huyo?"

"Mnara," rubani alisema.

"Mnara gani? Huyo ni mwanangu!"

Rubani aligeuka akamtazama. "Dada wa mnara ni mwanao? Yule anatutia adabu sote. Nilipotua hapa mara ya kwanza alinirudisha juu, eti naingia kama mtu anayetafuta choo." Akasogeza kidole kwenye redio. "Nimwambie upo?"

"Thubutu! Mwambie tukishakanyaga chini. Na tukigeuza njiani je? Ndiyo niwe nimerudi mlangoni tena?"

Kilima kilitokea, kijani kibichi, na chini yake kipande cha lami chembamba kama utepe. Upepo uliipiga ndege ubavuni. Pua ikaelekea baharini, mwili ukaelekea kiwanjani, na wakaanza kushuka upande upande kama kaa. Uoga uliinuka pale ulipokuwa umeketi. Mama alitafuta kitu cha kushika ambacho si usukani, na mkono wake ukapata waya uliotundikwa kando ya goti lake, wenye kidude kigumu mwishoni kilichoenea vizuri kiganjani. Akakibana kwa nguvu zote. Akafumba macho, akaanza kusema, kwa maana akiogopa husema.

"Kunja, bana, pitisha sindano. Kunja, bana, pitisha. Kijana, mbona unaingia kiubavu, mlango uko huku! Na huyo mkwe wangu naye, nyumba za kupanga zimejaa bara lote, yeye akaona amweke mwanangu juu ya jabali. Zimamoto gani huyo anayekosa kazi mahali tambarare? Kunja, bana. Nikifika nitamwambia. Nikifika. Ee Mungu, nifikishe, nimwone huyu mtoto akitoka, nisiambiwe kwa simu. Kunja, bana..."

Rubani alikuwa akitabasamu. Kisha akaacha. "Mnara?" aliita. "Mnara, mbona kimya?"

Masikioni mwake mlikuwa na fundi mapazia peke yake.

Kutoka kwenye dirisha la mnara iliwaka taa nyekundu, ikakaa imewaka, ikiwaelekea wao. Rubani hakungoja. Injini ilinguruma, ndege ikapanda tena, na mbele ya kioo vikapita viti vya ufukweni, mwavuli, na mwanamke aliyeinua uso kutoka kwenye kitabu chake. Halafu vyote vikazama, na pakabaki anga tupu.

Rubani alishusha macho. "Mama. Kidole."

"Kidole gani?"

"Hicho. Hicho ni kitufe cha kusemea redioni. Kitoe."

Alikitoa, na mnara ukamiminika: "...narudia, upepo umegeuka, uko mgongoni kwenu, msitue! Kuna mtu amebana kitufe!" Kisha sauti ileile, tulivu kama ya kwenye simu: "Abiria wa mbele ashike magoti yake. Asishike kitu kingine chochote."

"Abiria amesikia," rubani alijibu.

Mama alishika magoti. Uso ulimwaka moto. Rubani alimweleza kwamba watazunguka juu ya bahari wakisubiri, na upepo usipokaa sawa watarudi walikotoka. Kurudi! Neno lilimshuka mwilini kama maji baridi. Miguu yake ililipenda. Ingetosha upepo uendelee hivihivi kidogo tu, na hakuna ambaye angesema ni yeye aliyegeuza.

Ndege ililala ubavu, ikazunguka. Kisiwa nacho kilizunguka, polepole, na hoteli zake, na kilima chake, na kile kichumba cha vioo juu ya nguzo, kama kitu kinachoonekana kupitia maji. "Bado," ilisema sauti. "Subirini." Mama alisikiliza. Zamani mtoto huyu alikuwa tumboni mwake, gizani, akiisikia sauti ya mama bila kumwona uso. Sasa mama ndiye aliyefungiwa tumboni, analewalewa, na mtoto yuko nje kwenye mwanga, anamsemesha. Wazo hilo lilikuwa la kidonge, bila shaka. Lakini lilipomjia, aligundua kwamba miguu yake imenyamaza, na kwamba anangoja ule upepo kama mtu anayengoja basi aliloahidiwa.

"Bado," ilisema sauti. Halafu: "Bado." Hatimaye: "Umekaa sawa. Njooni."

Rubani aliinua nyusi. "Huwa anasema 'ruksa kutua'," alimnong'oneza.

Safari hii mama hakufumba macho. Alikitazama kile kichumba cha vioo mpaka kikawa na dirisha, na dirisha likawa na mtu. Magurudumu yaligonga, yakaruka, yakagonga tena, yakakubali. Nyuma, maharusi walipiga makofi.

Chini ya ngazi alisimama mkwe wake, na kofia ya zimamoto kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kuhusu ile kazi ya mahali tambarare..."

"Baba, nilikuwa nimelewa dawa."

"Wenzangu wote waliokusikia kwenye redio ya gari letu wameniomba nikuulize kama utahutubia tena kesho." Akamchukulia begi. "Mwanao hawezi kushuka, kuna ndege nyingine nyuma yenu. Mkubwa wake amekubali upande."

Mama alipanda ngazi za chuma za mnara, akasukuma mlango. Binti yake alikuwa amesimama, tumbo limegusa meza, mgongo umemwelekea. Alikuwa akizungumza na ndege nyingine. Sauti ilikuwa ileile, nyororo, haina kunyanzi. Lakini blauzi yake ilikuwa imelowa jasho mgongoni mpaka kiunoni. Viatu alikuwa amevivua, na miguu ile, iliyovimba, ilikuwa imeukamata mkeka kwa vidole vyote, kama mtu anayezuia sakafu isiondoke.

Mama alikuwa na la kusema juu ya miguu ile, na juu ya kusimama, na juu ya chai iliyopoa mezani na utando juu yake. Badala yake alisogeza kiti taratibu mpaka kikamgusa binti nyuma ya magoti, naye akaketi bila kugeuka, macho yakiwa kwenye kitone cheupe kilichokuwa kikiyumba juu ya bahari.

Kitone kikawa ndege. Ndege ikapepesuka, ikajiweka sawa, ikatua. Vidole vya miguu vikaachia mkeka.

Binti aligeuka. Alimtazama mama yake kwa muda, kuanzia kilemba kilichopinda mpaka viatu, kama anayehakikisha kwamba amefika mzima.

"Mama," alisema. "Umekuja kweli."

"Nimekuja."

"Na kurudi je? Utapanda tena?"

"Kwani nani amekwambia narudi? Lete hiyo miguu hapa, niione."