Siku ya Kwanza Hapigi

Mpiga picha wa safari alikuwa na mtindo wake: akifika mji mgeni, siku ya kwanza kamera haitoki kwenye begi. Huzurura tu mikono mitupu mpaka kitu kimguse.

Sasa alikuwa nyumbani kwa marehemu mama yake. Alizunguka vyumba vyote, moyo umekufa ganzi. Hakuna kilichomgusa hata chembe: si kitanda, si kile kigoda cha jikoni.

“Kaka, piga basi,” dada yake alimwambia. “Kesho tunakabidhi funguo.”

“Siku ya kwanza huwa sipigi.”

“Ya kwanza? Si ndimo ulimozaliwa humu?”

Giza lilikuwa linaingia. Akapapasa ukuta akitafuta swichi. Dada yake akaiwasha, upande wa pili wa mlango.