Visanduku Vyote

Mganga hajigangi, na Marsiana, mpiga picha wa mtaa wa Mwanga, mkimbizi kutoka Kongo ng'ambo ya ziwa, hakuwa na tofauti. Miaka kumi, kwanza kambini na baadaye mjini, alikuwa amewapiga picha maharusi, watoto wa komunio, na wakimbizi wenzake waliotaka paspoti saizi. Mwanawe wa pekee, Martini, alimpiga picha moja. Moja tu! Filamu ni ya wateja, alikuwa akisema. Hata hiyo moja ilikuja kwa bahati, siku aliponunua kamera ya dijitali. Ilikuwa bado haina kadi, akaijaribu kwa Martini, aliyekuwa mbele yake anakula ugali kwa samaki wa mgebuka. Picha ikabaki tumboni mwa kamera yenyewe. "Nitaisafisha kesho, niitoe kwenye karatasi," akasema.

Haya, kesho ikawa miezi. Mwaka huo, 2006, watu walipoanza kurudi Kongo, Martini, sasa kijana wa miaka kumi na tisa, akavuka ziwa kwenda kuangalia shamba la marehemu baba yake. Aliaga wiki mbili. Miezi mitano ikaisha bila salamu wala fununu.

Marsiana akaenda kwenye ofisi inayotafuta waliopotea. Karani, Skolastika, alimpokea vizuri.

"Mama, lete picha," alimwambia. "Tutaibandika vijiji vyote vya ng'ambo. Bila picha ni kazi bure. Huko akina Martini ni wangapi?"

Picha ilikuwa ile moja tu, bado imo tumboni mwa kamera. Kamera ilikuwa imekufa. Jumapili iliyopita alikuwa kijijini Ilagala kwenye harusi, mchanga ukaingia kwenye lenzi, lenzi ikatoka nje ikagoma kurudi, na kamera haikuwaka tena.

Alikimbia kwa Wilfred, mwenye duka aliyemuuzia. Wilfred akacheka. "Tulia, mama. Ina waranti. Inakwenda kituo cha kampuni Dar, wanatengeneza bure. Jaza fomu hii tu." Fomu yenyewe Kiingereza kitupu, na duka lilikuwa limejaa watu.

Sasa sikilizeni. Mtu aliyekaa kambini miaka sita hajazi fomu kama mimi na wewe. Kambini ukiacha kisanduku kimoja wazi, fomu inarudishwa, unaambiwa nenda mwisho wa foleni, na ukifika tena dirishani mafuta yamekwisha na maharage yamekwisha. Marsiana alishalala njaa, yeye na mtoto wake, kwa sababu ya kisanduku kimoja. Kwa hiyo aliishika kalamu akaweka tiki kila mahali, visanduku kumi na kimoja, tiki nzuri zilizonyooka.

"Ungefaa kuwa karani," Wilfred akamsifu, bila kusoma. Mungu amsamehe, mimi bado.

Wiki nne Marsiana alikwenda dukani kila asubuhi, hata Wilfred akawa anatikisa kichwa kabla hajasalimiwa. Siku kamera iliporudi, ilirudi inang'aa. Aliiwasha palepale juu ya kaunta, ikawaka. Akabonyeza kitufe cha kutazama picha. Kioo kikaandika kwamba hakuna picha. Akabonyeza tena, na tena, mpaka Wilfred akamshika mkono.

Walipiga simu Dar. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zake zote.

"Shikamoo mama. Bodi ya ndani ilibadilishwa, ile ya zamani imeshateketezwa. Kisanduku cha saba kinasema mteja amekubali picha zote zifutwe. Uliweka tiki mwenyewe, mama."

"Nilijaza tu, mwanangu. Nilijaza vyote."

"Pole sana. Na huduma yetu kwa jumla, umeridhika nayo?"

Marsiana akamrudishia Wilfred simu. Angemtukana nani? Binti hakukosea, fomu haikukosea.

Kesho yake alirudi kwa Skolastika mikono mitupu. Skolastika akamwonea huruma, akatoa fomu ya maelezo, safari hii ya Kiswahili. Jina, Marsiana akajaza. Umri, akajaza. Alama usoni: kovu kwenye nyusi. Ya kushoto au ya kulia?

Akafumba macho. Alimwona Martini ameinamia sahani, anacheka, mdomo una ugali. Kovu alikuwa akilitafuta na halikai mahali pamoja. Mama mzima, amemzaa, amemfunga hilo jeraha kwa mkono wake, hajui ni upande gani! Machozi yakamtoka mbele za watu.

Chini kulikuwa na visanduku viwili: picha ipo, picha haipo. Kalamu ikasogea kwenye cha kwanza, ikarudi. Cha pili hakuthubutu hata kukigusa. Akamkabidhi Skolastika fomu vilevile.

"Mama, umeacha hapa pa picha wazi," Skolastika akasema taratibu. "Nikiipeleka hivi, watairudisha."

"Najua," Marsiana akajibu. Akaichukua fomu yake, akatoka, akapita watu wote waliokuwa wamekaa kwenye benchi, akaenda kukaa mwisho wa foleni.