Barua ya Kumsamehe Lomayani

Husna alikuwa ameshasoma uongo mwingi wa maofisini, lakini karatasi aliyoishika asubuhi ile ilimtia kinyaa kuliko uongo wote, kwa sababu ilisema kweli tupu. Ilikuwa orodha ya hitilafu za programu zinazojulikana na zilizokwisha kutatuliwa. Mstari wa kumi na saba ulieleza kwamba kontrola ikiwaka siku arobaini na tisa bila kuzimwa, inazisahau antena zake zote, na hakuna atakayepata intaneti mpaka izimwe na kuwashwa upya. Dawa yake ilikuwa programu mpya, iliyotolewa miaka miwili nyuma.

Kontrola yenyewe ilikuwa sanduku jeusi, bapa, lililoongoza antena ishirini za chuo cha uuguzi nje kidogo ya mji wa Korogwe, ambako Husna alifundisha kompyuta. Mkuu wa chuo, Habakuki, alilinunua kwa mbwembwe, enzi hizo vyuo binafsi vikichipuka kila kona na kila kimoja kikitaka kuonekana cha kisasa. Mwanzoni halikusumbua. Lingesumbua vipi? Umeme ulikatika kila wiki, ingawa mitambo ya kufua umeme ya Hale ilikuwa pale pale karibu, na kila ulipokatika sanduku lilizimika, likaanza kuhesabu siku upya. Balaa lilianza chuo kiliponunua betri za akiba. Sasa sanduku liliwaka mfululizo, na wiki saba baadaye antena zote zikafa katikati ya mtihani. Zilikufa Jumatano; sanduku likazimwa na kuwashwa, zikafufuka. Wiki saba nyingine zikafa tena, na kwa kuwa wiki saba ni wiki saba, ilikuwa Jumatano vilevile.

Na Jumatano ni siku ya mnada. Wafugaji wa Handeni walipoleta ng'ombe, walimwachia simu zao ndugu yao Lomayani, mlinzi wa chuo, awachajie. Mzee huyo alizipanga kwenye chumba cha kontrola mbele ya macho ya kila mtu, jioni wenyewe wakazifuata. Kumpata wa kulaumiwa kukawa kwepesi mno. Habakuki alimtaka Husna aandike ripoti, naye akaandika kwamba yaelekea mlinzi huchomoa waya wa kontrola ili apate pa kuchomeka chaja. Hakumwuliza mzee. Hakwenda hata kutazama kwamba ukuta wa pili ulikuwa na soketi nne zisizotumika. Lomayani akafukuzwa siku ile ile, mchana kweupe, wanafunzi wakichungulia madirishani, baada ya miaka minane ya kulinda geti.

Wiki saba baada ya kuondoka kwake, Jumatano, antena zikafa.

Ndipo kampuni iliyowauzia sanduku ilipomtuma fundi wake, Ukasha, kutoka Dar es Salaam. Alitazama dakika tano, akatoa ile karatasi kwenye begi.

"Hii tunaijua tangu mwaka juzi," alisema huku akitafuna karanga. "Ndogo tu."

"Mbona hamkutuambia?"

"Mlikuwa hamjalalamika, dada."

Alisema hivyo bila haya wala wasiwasi, maganda ya karanga yakimdondokea mapajani. Lakini uso ambao Husna alishindwa kuutazama siku ile ulikuwa wake mwenyewe, kwenye kioo cha chooni.

Alimpelekea Habakuki karatasi, akamweleza kila kitu, pamoja na ripoti yake ya kijinga. Mkuu alisoma, akaguna, akaita karani. Nusu saa baadaye alimkabidhi Husna barua yenye mhuri aipeleke mwenyewe Handeni.

"Mwambie arudi Jumatatu," alisema. "Yameisha."

Husna alikodi pikipiki, akala vumbi mpaka akachoka. Alimkuta Lomayani akitengeneza ua wa miiba wa boma la ndama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Nkoile, mke wake, alileta kigoda na chai ya maziwa. Lomayani alinawa mikono kwanza, kisha akafungua barua na kuisoma polepole, midomo ikichezacheza. Ilisema kwamba uongozi wa chuo, kwa huruma yake na kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu, umeamua kumsamehe.

Aliirudia tangu juu.

"Mwalimu, mimi nimesamehewa kosa gani?"

Husna aliweka kikombe chini. Barua ilikuwa mkobani kwake njia nzima, na hakuwa ameifungua. Aliona aibu, tena aibu ya kunuka, ya kujiona tarishi wa uchafu ule ule alioupika yeye.

"Hakuna kosa," alisema. "Sanduku lilikuwa bovu tangu kiwandani. Na aliyeandika kwamba ulichomoa waya ni mimi, mzee. Sikuona. Niliandika tu."

Nkoile aliacha alichokuwa akifanya. Lomayani alimtazama mgeni wake kama anayemtambua upya.

"Nilidhani ni mkuu," alisema. "Wewe nilikuwa nakufungulia geti kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Watu wa hapa walisikia nimefukuzwa kwa kuharibu mali. Sasa wakisikia nimesamehewa, watasema kumbe kweli aliharibu." Alimrudishia barua. "Andika nyingine. Anza na jina lako."

Husna aliigeuza ile karatasi upande mweupe, akaiweka juu ya goti, akaandika majina yake yote matatu, na mzee akasimama nyuma ya bega lake akisoma kila neno lililofuata.