Mikono ya Dua

Mwantumu alifika shambani na jembe begani, akakuta vijana wanachimba mashimo ya nguzo katikati ya mihogo yake. Iliyong'olewa ilikuwa imetupwa pembeni, bado ina udongo, na kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya mzingo wa seng'enge anatafuna mmoja mbichi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mtamu?"

Kijana akaacha kutafuna.

"Kula tu, mwanangu. Hicho ndicho kilikuwa chakula changu mpaka Ramadhani. Nani amewatuma?"

"Kampuni ya mkonge, bibi. Kijiji kimewapa eneo. Tumeambiwa mkutano mkuu ulipitisha, hata picha ipo."

Mwantumu alijua mambo mawili ya serikali, yote ameyapata redioni. La kwanza, ardhi ya kijiji haigawiwi mpaka mkutano mkuu ukubali. La pili, mtu hanyang'anywi chake kabla hajasikilizwa. Aliyashika kama alivyozishika sura fupi za Kurani, bila kudondosha neno. Na mikutano alikuwa hakosi, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji alikuwa Sufiani, mtoto wa kaka yake, ambaye Mwantumu ndiye aliyemlea tangu mama wa mtoto afariki. Wakati wa uchaguzi alipita nyumba kwa nyumba kumwombea kura. "Mpeni mwanangu," aliwaambia watu. "Akiiba nitamchapa mwenyewe."

Alimkuta Sufiani barazani kwake anakunywa chai.

"Shikamoo Shangazi. Karibu chai."

"Marahaba. Nimeshiba. Leo nimekula nguzo."

Sufiani hakucheka. Alitoa simu, akafuta kioo kwa shati, akamwonyesha picha. Uwanja wa shule, watu wamejaa, mikono yote juu. Mstari wa mbele alikuwa Mwantumu mwenyewe, ameinua miwili.

"Unaona? Wewe ulikubali kuliko wote."

Aliikumbuka siku hiyo. Mahindi yalikuwa yananyauka, na kabla watu hawajatawanyika Sufiani alisema jamani, tuombe mvua kwanza. Dua ya mvua mikono huinuliwa juu kuliko siku zote, mpaka makwapa yaonekane. Ni Sufiani huyo huyo aliyepaza sauti: "Juu zaidi, ndugu zangu, Mungu atuone!" Afisa mtendaji wake alikuwa amesimama juu ya kiti, na simu mkononi. Mwantumu alidhani anapiga picha ya kumbukumbu.

"Hapa tulikuwa tunaomba mvua, Sufi."

"Picha haisemi hivyo."

"Nimefumba macho! Nani anapiga kura amefumba macho?"

"Wengi tu, Shangazi. Unadhani nimekaaje vipindi viwili?"

Hapo Mwantumu alicheka, maana lilikuwa jibu la kumstahili yeye mwenyewe. Alimfundisha vizuri mno. Kisha kicheko kikamkauka.

"Nirudishie shamba langu."

"Serikali si mimi peke yangu. Kama hukuridhika, kalalamike kata. Ni haki yako, iko kwenye Katiba."

Akaenda. Kwenye ofisi ya kata alipokewa na afisa mpole aitwaye Yuditha, akapewa kiti, akaambiwa asubiri wajumbe wa kikao cha malalamiko. Waliingia mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Sufiani. Alivuta kiti cha katikati, akakaa.

"Mama," Mwantumu akamwambia Yuditha, "huyu ndiye ninayemlalamikia."

"Najua, bibi. Mwenyekiti wetu yuko masomoni, huyu anamkaimu. Na hili shauri analijua kuliko sisi wote."

"Hata mwizi wa kuku anamjua kuku."

Mjumbe mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Lugha, bibi, lugha," Yuditha alisema. "Una haki ya kusikilizwa. Haya, sema."

Akasema. Alieleza dua, na mihogo, na macho yaliyofumbwa. Alieleza kwamba siku ile neno mkonge halikutoka kinywani mwa mtu yeyote. Sufiani alimsikiliza ameinamisha kichwa, asimkatize hata mara moja, kama alivyofundishwa nyumbani kwake kuwasikiliza wakubwa. Shangazi alipomaliza, alimgeukia Yuditha.

"Andika, amesikilizwa."

"Na uamuzi?"

"Ni ule ule wa kijiji."

Kalamu ya Yuditha haikukawia.

Nje jua lilikuwa limeshuka. Sufiani aliwasha pikipiki ya kijiji, akaisogeza mpaka aliposimama shangazi yake.

"Panda, Shangazi. Huwezi kutembea njia yote hiyo."

Mwantumu alitaka kumkatalia. Magoti yakakubali kabla yake. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila walipotumbukia ilimbidi amshike kiuno kwa nguvu asianguke.

Njia ya kwenda kwake ilipita katikati ya shamba. Sasa ilikuwa imezibwa na mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, na seng'enge imenyooka kushoto na kulia mpaka kijitoni. Mlinzi mgeni aliinuka kwenye kigoda, akamtazama mwanamke mzee juu ya pikipiki.

"Mwenyekiti, huyu nani?"

Sufiani hakuzima injini.

"Mgeni wangu."

Mlinzi akauinua mti.

"Karibu, bibi," alisema. Na Mwantumu, ambaye hakuwahi kukosa la kujibu, akajikuta anasema asante.